Kichwa Nilikikuta Kimesukwa

Watu wengine wote nitawataja. Shomari ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Kondo ni mwenyekiti wa kitongoji chetu kule Kibuta. Elibariki ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa kanta, lile lori dogo la matofali. Wanajijua. Mimi nilitajwa mbele ya darasa zima nikiwa nimekaa humohumo ndani, na sikuona mtu aliyeinamisha uso kwa haya, basi na wao wasinilaumu.

Yeye simtaji. Jina lake nalijua, lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi kwenye begi la mashine yake. Nitamwita Profesa, kama tulivyomwita sote, Kibaha na Kisarawe. Alizaliwa wapi, kwao walikuwa wangapi, hayo sina. Alikuwa mtu wa kaskazini kwa namna alivyokaza maneno, basi. Mengine hakuyasema, na mtu aliyechungulia vichwa vya watu wengi namna ile nadhani alikuwa na haki ya kufunga cha kwake. Mpaka siku alipokifungua mwenyewe mbele ya Shomari. Hiyo ndiyo habari ninayoiendea, lakini nianze na nywele.

Mashine yake ilikuwa kofia. Kofia ya kitambaa yenye matundu, kila tundu lina kidude kama kifungo cha shati, kila kifungo na waya wake. Unavishwa, unapakwa jeli ya baridi kwenye matundu, nyaya zinakwenda kwenye kompyuta, na kompyuta inachora mawimbi. Haiumi. Wala haisomi unachowaza, ingawa jirani yangu wa Mkuza, Bi Zainabu, siku yake ya kwanza alikaa anasoma Ayatul Kursiy chinichini ili siri zake zisitoke. Shida ya kofia ni moja tu: inataka ngozi. Vifungo vikikalia nywele zilizosukwa, havisikii kitu. Na kwetu mwanamke gani anakaa kichwa hakijasukwa? Huyu kasuka twende kilioni, yule rasta, yule mabutu.

Profesa alituambia kwamba zamani wenzake walikuwa wanawaruka wanawake waliosuka, wanapima wanaume, halafu wanaandika kwamba wameujua ubongo wa watu wa Pwani.

"Ubongo wa vipara wa Pwani," alisema, na hakucheka.

Yeye alikuja na kigoda. Anakaa, anakuweka chini katikati ya magoti yake, anakufumua mwenyewe kwa mkia wa chanuo, msuko mmoja mmoja, bila kukata unywele. Akishapima anakuosha jeli kwa maji ya vuguvugu, anakupaka mafuta ya nazi, anakusuka upya. Profesa mzima wa chuo kikuu, miwani puani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye gauni. Kulikuwa na msemo aliurudia kwa kila mwanamke, hata yule aliyeusikia mara tano: "Kichwa nilikikuta kimesukwa, nitakiacha kimesukwa."

"Profesa, unabana!"

"Vumilia, mwanangu. Uzuri unauma."

"Uzuri au utafiti?"

"Vyote viwili."

Ndiyo sababu alipata wanawake ambao wengine hawakuwapata. Kule Kibuta ilifika mahali mtu anakwenda kupimwa ili asukwe. Misuko yake ilikuwa imenyooka kama matuta ya mhogo. Nasema ilikuwa, maana baadaye ilianza kupinda, na sisi tukamcheka tu. Tulimwambia macho yamezeeka.

Mimi nilimfikia na kichwa kibovu. Upande wa kushoto, juu ya sikio, nina shimo. Ukiligusa ni kama umebonyeza kidole kwenye ugali wa moto. Nililipata asubuhi moja pale kituo cha Picha ya Ndege, Kibaha, nimepanda bodaboda ya Idi na beseni langu la mihogo ya kuchemsha, Elibariki akatoka na kanta yake pembeni bila kuangalia. Idi alifia palepale barabarani, mihogo yangu imemzunguka. Elibariki alirudi kwenye usukani kabla mimi sijafunguliwa bandeji. Tajiri wake aliyamaliza, ndivyo nilivyoambiwa: yamekwisha. Yamekwisha kwa nani?

Nilivyoamka, mimi nilikuwepo lakini mpangilio haukuwepo. Nawasha jiko, nakaa nalitazama, sikumbuki linalofuata ni sufuria au maji. Neno "kijiko" liliniacha miezi mingi, nikawa nasema "hicho cha kukorogea". Na hasira. Hasira zilikuwa zinanitoka kabla mimi mwenyewe sijaziona zinakuja. Sikukuu ya Idd nilimpiga Shomari kwa mwiko kwenye bega kwa sababu alinimalizia sentensi. Akauhifadhi ule mwiko. Kweli kabisa, aliuchukua akaondoka nao.

Profesa alipopita Mkuza kutafuta walioumia kichwa na ambao hawajawahi kuumia, ili awalinganishe, Bi Zainabu akanivuta mkono. Nilikaa kati ya yale magoti. Vidole vyake vilipofika kwenye shimo vilisimama. Nilingoja "pole" niikasirikie. Hakusema pole. Alipomaliza kupima, akaanza kusuka, akasema kama anazungumza na nywele, "Hapa tutapitisha njia mbili, ya juu na ya chini, zikutane mbele." Nilipojitazama kwenye kioo shimo halikuonekana. Tangu nitoke hospitali hakuna mtu aliyekuwa amelifunika. Mama yangu angelifunika, lakini alikuwa amekwisha kufa, amezikwa kwenye shamba letu la Kibuta, sehemu ya juu.

Kuhusu ubongo alikuwa na maneno yake. Nimeishia darasa la nne, lakini niliyaelewa, na bado ninayo. Alisema ubongo hauna chifu. Watu wanadhani kuna mahali pamoja panapoamua, hapana. Ni vijiji vingi vidogo, na kati ya vijiji kuna njia za miguu. Njia inayopitwa kila siku inakanyagika, inakuwa pana. Isiyopitwa nyasi zinaifunga. Huo ndio mtandao, na chuoni kazi yao ilikuwa kuchora hizo njia.

"Huo mtandao, Profesa, unashika mpaka Kibuta?" mtu alimuuliza.

"Unashika popote palipo na kichwa. Ila salio likiisha, hakuna vocha."

Mimi nikamuuliza langu. "Kwa hiyo kile kijiji changu cha kupanga mambo kimekufa?"

"Hakijafa. Kanta haikuua kijiji, ilifunga njia. Watu wa kule wapo wamekaa, wanaangalia nje, hawapati pa kupita." Akafikiri. "Watakata njia nyingine. Ya mzunguko, lakini watafika."

Nililia siku ile. Si kwa huzuni.

Kulikuwa na mfugaji mmoja, mtu wa ng'ombe wanaolishwa kuelekea mabondeni, alipimwa akafurahi, kesho yake akaja na dume lake. "Mpime na huyu. Tangu masika ana hasira, hata mimi hanijui." Profesa alilitazama lile dume kwa heshima zote. "Kofia yangu haina nafasi ya pembe, kaka. Lakini hasira zake nimeziandika." Na kweli aliandika. Nilimwona.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na jeuri yake. Alikuwa mtu wa kushirikisha watu kila kitu, lakini ukimuuliza watoto wako wangapi, anakuuliza wewe umelala saa ngapi. Bodaboda hakupanda, akisema ameona vichwa vingi mno, kwa hiyo alikuwa anatembea kutoka barabarani mpaka Kibuta viatu mkononi, na mara tatu alipotea. Njia ileile! Tulimkuta kwenye shamba la minanasi la watu amesimama, begi begani, anatabasamu. "Nilikuwa naangalia mananasi," alisema. Tukacheka: bingwa wa njia za kichwani, za chini hazijui. Chai alitia chumvi tukacheka. Majina yetu yakaanza kumpotea, akawa anatuita kwa namba, na hilo nalo tukacheka. Sisi tuliopimwa na yeye hatukuwa na mtu wa kutuambia kwamba tunachokicheka ndicho kilekile kinachopimwa.

Sasa hizo namba.

Kila aliyepimwa alipewa kadi yenye namba na uzi wa kuning'iniza. Jina halikuandikwa. "Namba ni pazia," alisema Profesa. "Atakayeona picha yako hatajua ni wewe." Pazia zuri. Lakini sisi tulifanya nini? Kadi ilikuwa nzuri, ngumu, ina nembo, na ukiwa nayo unapata chai na kipande cha sabuni. Tukazivaa shingoni. Sokoni, msibani, kwenye ngoma ya mwali, mtu na kadi yake kifuani kama afisa. Tukaanza kuitana. "Saba hujambo?" "Sijambo Thelathini, Kumi na Tisa yuko wapi?" Kumi na Tisa nilikuwa mimi. Hata Shomari, ambaye hakukubali kupimwa, aliniita hivyo akitaka kunikera. Na Profesa alisikia, akacheka nasi, akatuita nasi. Hakuna aliyefikiri, si yeye wala sisi, kwamba pazia tumelitundika kifuani.

Kanuni yake nyingine ilikuwa hii: majibu yarudi kwanza yalikotoka, kabla hayajapelekwa kwa wazungu wala kuandikwa vitabuni. "Ukichota maji kisimani kwa mtu, mwonyeshe ndoo kabla hujaondoka." Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja tukajaa darasani Kibuta, walioumia na wazima, na ndugu zao. Wanawake tuliziba madirisha kwa kanga ili picha ionekane. Jenereta nje, shuka jeupe ukutani.

Alionyesha kwanza picha ya wazima. Kichwa kimechorwa kutoka juu, vinundu vya rangi, na nyuzi kati yao, nene na nyembamba. "Huyu si mtu mmoja," alisema. "Ni wengi waliochanganywa." Watu wakashangilia, kila mtu amejiona.

"Sasa tumwone mmoja aliyeumia. Jina halipo. Ni namba kumi na tisa."

Darasa zima likageuka. Madawati yalilia kwa pamoja. Yule mfugaji, bila ubaya, akasema kwa sauti, "Si huyu hapa?"

Profesa alikuwa ametupa mgongo, anaonyesha kwa fimbo. "Hapa mbele ndipo panapopangwa mambo na kuzuiwa hasira. Nyuzi zimekonda sana. Mtu kama huyu anaweza kupata taabu kupanga shughuli zake, anaweza kukasirika upesi." Nikasikia dawati la nyuma likisukumwa, mlango ukafunguka, Shomari akatoka. Alishatosheka. Profesa akaendelea, "Lakini ninachotaka mwone ni hapa pembeni. Angalieni hizi nyuzi. Hizi hazikuwepo alipopimwa mara ya kwanza. Amekata njia mpya. Yeye mwenyewe, bila dawa yoyote..." Hakuna aliyekuwa anaangalia shuka. Walikuwa wananiangalia mimi.

Akageuka. Aliona. Akazima mashine ya picha, tukawa gizani, halafu mtu akavuta kanga dirishani na mwanga ukaingia, na mimi nimekaa palepale na kadi kifuani. Alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, nimekuvua nguo mbele ya watu."

Hasira zangu, ambazo siku zote zilikuwa zinawahi, siku ile zilichelewa.

Nusu ya maneno yake ilibaki mle darasani. Nusu nyingine ilitoka na Shomari, nayo ilitembea. "Chuo kikuu kimesema," ndivyo alivyoanza kila sentensi. Mkewe, Zuhura, naye: "Wifi, acha sufuria, chuo kikuu kimesema." Ukoo ukaitwa. Shomari akaja na ule mwiko. Akauweka juu ya mkeka kama kidhibiti. Akasema shamba aliloniachia mama lisiwe mikononi mwa mtu asiyeweza kupanga wala kujizuia, yeye atalisimamia. Nilitaka kuwaeleza, na maneno yakaja yamepinda, nikapiga kelele, nikasimama. Nilipokuwa napiga kelele nilimwona Shomari anawatazama wazee kwa upole, kama mtu anayesema mmeona. Kondo akaandika kwamba mwenye shamba hana uwezo wa akili, akaweka jina lake chini. "Mimi nafuata sayansi, Mwajuma," aliniambia. Kondo huyu kuku wake akiumwa humpeleka kwa mganga.

Kabla ya masika Shomari aliuza sehemu ya chini. Mikorosho ya mama ilikatwa yote, yamejengwa mabanda ya kuku. Halafu nikasikia ameleta mtu wa kutazama sehemu ya juu. Yenye kaburi, na ukoo umeitwa tena kikao.

Nilikwenda kwa Profesa, nyumbani kwake Mkuza. Nilikuwa sijamwona tangu siku ya darasa. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, "Shikamoo, Profesa," akaitikia, "Marahaba, Kumi na Tisa," halafu akajishika mdomo.

Nikamwambia ninachotaka. Karatasi moja tu, yenye mhuri wa chuo: Mwajuma ana akili timamu.

"Siwezi kuiandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu picha haisemi hivyo."

"Shomari alisema picha inasema mimi sina akili!"

"Haisemi hivyo pia. Picha inaonyesha njia, mwanangu. Haisemi nani apewe shamba. Nikiandika uongo wa kukusaidia wewe, kesho mwingine ataandika uongo wa kukumaliza, na karatasi zitakuwa sawa."

Niliipindua meza na chai yake. Vikombe vilivunjika. Nilimwambia uaminifu wake ni wa kujipaka mafuta, siku ya kunivua hakuwa na uaminifu, siku ya kunivika ndiyo anao. Maneno yale yalitoka yamenyooka yote, hata mimi nilishangaa. Yeye aliinama akaokota vigae kimoja kimoja, akaviweka kwenye kiganja chake, akavitazama muda mrefu mno, kama hajui vilitokana na nini.

"Kikao ni lini?" aliniuliza mwisho.

Alikuja. Alifika peke yake kwa miguu, gauni limejaa miiba, nadhani alipotea tena. Wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza ya nyumba ya mama, katikati yao mjomba wetu Mwinyimvua, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Kondo na karatasi zake. Shomari na mwiko wake. Profesa aliwaamkia wote, shikamoo kwa kila mzee, halafu akatoa karatasi mbili kwenye begi, akazishika juu, moja kila mkono. Vichwa viwili, vinundu na nyuzi. Hapakuwa na namba.

"Shomari, baba," alisema, "moja ni ya dada yako. Ipi?"

Shomari hakusita. "Hiyo ya kushoto. Nyuzi zimekwisha, nyingine zimekatika kabisa. Kipofu anaona."

"Una hakika?"

"Profesa, ulitufundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha nusu, ukatoka." Akaigeuza ile ya kushoto, nyuma kulikuwa na jina, akalisoma kwa sauti. Jina lake. "Hii ni ya kwangu. Simvishi mtu kofia nisiyoivaa. Nimeivaa mwezi uliopita."

Mjomba Mwinyimvua ndiye aliyeuliza, taratibu, "Unaumwa, mama?"

"Naumwa, mzee. Ugonjwa wa kusahau. Umeanza zamani kidogo, nilikuwa nauficha."

"Na bado unafundisha?"

"Mpaka muhula huu." Akamgeukia Kondo. "Ile nyingine ni ya Mwajuma. Zile nyuzi za pembeni ni njia alizozikata mwenyewe baada ya ajali. Mimi za kwangu zinafungwa, yeye zake zinafunguka. Lakini hilo nalo si hoja ya shamba. Nilikosea siku ile, si kwa kuonyesha tu. Niliwaacha mwondoke mkidhani picha ni hukumu. Basi kama picha inatosha kumnyang'anya mtu mali yake, nianzieni mimi. Nina nyumba Mkuza, ina vyumba vinne na kisima. Nani anaichukua?"

Kondo alikuwa anakunja karatasi zake. Shomari aliangalia miguu.

"Nauliza. Nani?"

Mjomba akanyoosha mkono, akauchukua ule mwiko, akampa Zuhura aupeleke jikoni. Ndiyo ilikuwa hukumu. Sehemu ya juu ikabaki yangu, na kaburi la mama, na mistari michache ya minanasi. Ya chini imekwenda, nikilala Kibuta asubuhi nasikia majogoo wa watu pale ilipokuwa mikorosho. Shomari hajaniomba radhi. Elibariki bado anaendesha. Watu wananiambia nishukuru, na mimi nawaambia washukuru wao.

Lakini swali lake lilisafiri, kama yalivyosafiri yale maneno ya darasani. Alikuwa amelitupa kwa watu wa Kibuta, na kabla ya mwezi kwisha lilikuwa limefika Mkuza, na aliyelijibu ni mwanawe wa kwanza. Huyo ndiye pekee mwenye hatia ambaye simtaji, maana nikimtaja yeye nimemtaja mama. Alikuja na gari, akachukua funguo, akachukua simu ya mama, asije akapigia watu ovyo. Vyumba vya mbele akapangisha. Mama akahamishiwa chumba cha uani, kilichokuwa cha majembe. Kwa usalama wake. Watu wa mtaani waliokuwa wanampisha njia wakaanza kumsemesha kwa sauti kubwa, kama kiziwi.

Nilikwenda kumwona mara ya mwisho baada ya mvua za vuli. Njiani, kabla sijafika, nilikaa kwenye gogo nikafumua nywele zangu zote. Bi Zainabu alikuwa amenisuka juzi yake tu. Nilitaka mikono ya Profesa iwe na kazi.

Alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake kilekile.

"Shikamoo, Profesa."

Alinitazama. "Kumi na Tisa," alisema. Jina halikuwepo. Namba ilikuwepo.

Nikakaa chini kati ya magoti yake bila kuombwa. Mikono ilikaa kidogo hewani. Kisha ikashuka. Akagawa nywele kwa ukucha, maana chanuo halikuwepo, akaanza upande wa kushoto. Vidole vilifika kwenye shimo vikasimama, kama siku ile ya kwanza, halafu vikapitisha njia mbili, ya juu na ya chini, zikakutana mbele. Hazikupinda. Nakwambia hazikupinda hata kidogo.

Akamaliza kushoto. Mikono ikaacha.

"Profesa?"

"Wewe mtoto wa nani?" aliniuliza kwa adabu. "Nani amekuacha hapa?"

Alisimama taratibu, akanishika bega kujiinua, akaingia ndani, na nikasikia komeo. Nilikaa mpaka jua likafika miguuni kwangu. Nikasimama nikaondoka.

Kanga nilikuwa nayo, ningeweza kujifunika. Niliiacha mabegani. Pale Picha ya Ndege wauza matunda waliniona kwa mbali.

"Mama, vipi, msusi amekimbia?"

"Mchana wote huu na nusu kichwa!"

"Mwacheni, huyo ndiye yule wa chuo kikuu."

Nilipita katikati yao polepole ili waone vizuri. Upande wenye shimo ndio uliosukwa. Uliobaki wazi ni ule mzima.